Siku Tuliyorekodi Ondiri

Nimestaafu. Mwezi uliopita nilipiga onyesho langu la mwisho, nikafunga sanduku la kinanda na kumwachia mpwa wangu gari la vyombo. Nyinyi vijana mnaopiga vinanda pale studio mliniomba niandike machache kuhusu kazi hii kabla sijasahau. Mimi sisahau. Nitaandika hata hivyo, kwa sababu niliyoyafanya katika jiji hili hakuna aliyekuwa ameyafanya, na wakiachiwa wengine kuyasimulia watayapunguza.

Vyeo sitavitaja, maana katika muziki wa roki hakuna vyeo. Malipo pia sitayataja. Tulikula, watoto wakasoma, inatosha.

Nilizaliwa Waithaka, pembeni mwa Nairobi, mama yangu akiwa muuza mboga, na hakuna mtu aliyenishika mkono kunipeleka popote. Nilijipeleka Uingereza mwenyewe. Mchana nilisoma, jioni niliosha masufuria katika jiko la hospitali, na wikendi nilipiga kinanda katika baa ambamo wateja walikuwa wakitazama mpira na kunipa mgongo. Nilirudi na diploma ya utunzi na upangaji wa ala. Imetundikwa sebuleni kwangu, mkono wa kushoto ukiingia, mahali ambapo mgeni hawezi kupita bila kuiona.

Huko ndiko nilikokutana na aina ya roki niliyoifanya maisha yangu yote: albamu nzima inayosimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, gitaa na ngoma zikichanganyika na fidla, tarumbeta na kwaya, wimbo mmoja ukijaza upande mzima wa sahani ya santuri. Wengi waliniambia mtindo huo ulikuwa umepitwa na wakati hata Ulaya kwenyewe. Niliwajibu kwamba Nairobi ulikuwa haujafika bado, kwa hivyo haungeweza kuwa umepitwa.

Nilitua nyumbani mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na masanduku mawili marefu. Afisa wa forodha pale uwanja wa ndege aliyagonga kwa kalamu.

"Hii ni nini?"

"Kinanda. Na hicho kingine pia ni kinanda."

"Ya kanisa gani?"

"Si ya kanisa. Ni ya roki."

Alinitazama kwa huruma, akaweka alama ya chaki kwenye sanduku. "Haya, pasta, pita. Mungu akusaidie."

Swali hilo la kanisa nililijibu kwa miaka mingi. Mwenye ukumbi aliniuliza, mwenye nyumba aliniuliza, hata daktari wa meno aliniuliza nikiwa nimefungua kinywa. Katika jiji hili kinanda ni cha ibada, na mtu anayekibeba siku ya Jumatano amepotea njia. Msikasirike mkiulizwa. Mimi nilijibu kwa kupiga.

Sasa vifaa, maana ndivyo mlivyoniuliza hasa. Kinanda kikubwa kilikuwa na vibao vizito kama vya piano, nacho nilikiita Mzee. Kile kidogo ndicho kilichotoa sauti za fidla, tarumbeta na kwaya, na kumbukumbu yake ilikuwa kwenye disketi. Kila stima ilipopotea, kinanda kidogo kilisahau yote niliyokifundisha tangu asubuhi. Hifadhini kazi yenu. Hifadhini kabla ya chai, si baada yake. Nunueni stebilaiza ya kutuliza stima kabla ya kununua spika kubwa. Pedali ya mguu hukimbia kwenye sakafu ya vigae. Mimi nilibandika chini ya yangu kipande cha soli ya akala, vile viatu vya tairi, na haikusogea tena. Hilo sikufundishwa Uingereza. Nililivumbua mwenyewe, na nimeliona limeigwa na watu ambao hawajawahi kunishukuru.

Na acheni kukitegemea kile kitufe cha kuhamisha ufunguo. Najua mmezoea makanisani kupiga kila wimbo kwenye vibao vilevile, na mwimbaji akipanda au akishuka mnabonyeza kitufe na kuendelea kutabasamu. Siku mtakapopiga na watu wa fidla mtagundua kwamba fidla haina kitufe.

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu, kwa hivyo tukaiita Mafiga. Mimi kwenye vinanda, Njoroge kwenye gitaa la besi, na Wafula kwenye ngoma. Njoroge alikuwa mtu wa maneno machache. Wafula, fundi wa stima kutoka Bungoma, alisema ya kwake na ya Njoroge pia. Mara yetu ya kwanza jukwaani ilikuwa Jumapili alasiri, katika klabu moja ya chini ya ardhi karibu na River Road. Meneja alitukagua.

"Mwimbaji wenu ako wapi?"

"Hatuna. Kinanda ndicho kinachoimba," nikamwambia.

"Mnapiga rhumba?"

"Tunapiga kisa cha mtu aliyekwama kwenye foleni."

"Hiyo kisa hata mimi niko nayo, na sijawahi toza mtu kiingilio."

Tulipiga. Tulipofika katikati, mzee mmoja wa meza ya mbele aliinua mkono kama mwanafunzi. "Bosi! Hii wimbo inaisha lini? Nilianza nayo na kuku mzima, saa hii niko na mifupa."

Wafula akamjibu bila kuacha kupiga: "Agiza ingine, mzee! Bado tuko Dagoretti Corner!"

Watu walicheka, na huyo mzee aliagiza kweli. Hakuna aliyeondoka. Kumbukeni hilo mtakapoambiwa kwamba Wakenya hawana subira na muziki mrefu. Wakenya wana subira. Wamezoezwa barabarani.

Kazi ile ndiyo iliyokuwa albamu yetu ya kwanza, *Foleni*: safari moja kutoka Waithaka hadi mjini, honi zikiwa tarumbeta, mvua ikiwa fidla, na askari wa trafiki akiwa besi peke yake. Mtangazaji wa redio aliniuliza kama ina kipande cha dakika tatu. Nilimwambia kipo, ni utangulizi wa utangulizi. Alikicheza, akaongea juu yake mwanzo hadi mwisho, lakini wanafunzi wa vyuo walikisikia chini ya maneno yake wakaja kutafuta kilichobaki. Magazeti yakaandika. Vipande vyote ninavyo. Wikendi nilipiga harusi za mtaa wa matajiri wa Karen, kwenye mahema meupe na nyasi zilizokatwa kama zulia, na zaidi ya bibi harusi mmoja aliingia kwa madaha akisindikizwa na muziki wa foleni ya Ngong Road bila kujua. Ulimfaa sana.

Albamu ya pili ilifuata, ikapendwa kuliko ya kwanza. Katika zote mbili, fidla zote, tarumbeta zote na kwaya yote zilikuwa vidole vyangu kumi. Wengine wangeridhika. Mimi nilitaka watu wenye pumzi.

Ndipo nikaandika *Ondiri*. Ondiri ni kinamasi kule Kikuyu ambako mto Nairobi unaanzia. Albamu inaufuata ule mto: unatoka kwenye matete, unapita mashamba, unapita Waithaka na mitaa ya Dagoretti, kisha unaingia mjini ukiwa umebeba kila kitu ambacho watu wameutupia. Nilihitaji fidla kumi na mbili, zikiwemo zile kubwa ziitwazo chelo, tarumbeta nne na kwaya. Tarumbeta nilizipata kwa wastaafu wa bendi ya parapanda. Fidla nilizipata Lavington, kwa Achieng'.

Achieng' alikuwa mwalimu wa fidla, mwanamke mwembamba mwenye sikio kali na ulimi mkali zaidi, aliyefundisha watoto wa zile nyumba zenye kuta ndefu. Waliokuwa watoto alipoanza kuwafundisha sasa walikuwa vijana wanaopiga vizuri kweli. Tulifanyia mazoezi katika gereji ya mzazi mmoja. Magari yalitolewa nje, fidla zikaingia. Siku ya kwanza bawabu alinisimamisha langoni, akaliangalia sanduku la Mzee.

"Hiyo ni ya kanisa gani?"

"Ya Achieng'," nikasema, na akafungua mara moja. Alimwogopa kuliko mwenye nyumba.

Kwaya niliitafuta nyumbani Waithaka, kwa Mwalimu Njuguna. Huyu ndiye aliyenifundisha muziki kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa doh-re-mi zilizoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa darasa la Jumapili. Nilipomwendea alikuwa amestaafu ualimu wa shule lakini bado anaongoza kwaya ya kanisa, akiwa na tai ileile ya kahawia. Alivyonipokea ni jambo ambalo sikulitarajia. Alinipa kiti, akanipa chai, akasikiliza mpango wangu wote, kisha akauliza jambo moja.

"Hapo katikati, kwaya ikiimba, kinanda kitakuwa kinafanya nini?"

"Kitawashikilia kidogo kwa chini, Mwalimu. Ndio sauti isitetereke."

"Basi tafuta kwaya ingine."

Akanieleza. Kanisa lilikuwa limenunua kinanda na kuwapa vijana. Kila wimbo sasa ulikuwa na kinanda chini yake, hata zile nyimbo za zamani ambazo kwaya yake iliziimba kwa sauti nne tupu tangu mimi sijazaliwa. Wazee wa kanisa walikuwa wamekubali kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo siku hizi. "Watu wangu wanabebwa mgongoni kama watoto," alisema. "Na wanaweza kutembea. Kabla sijaacha hii kazi nataka watu wawasikie wakitembea, hata kama ni mara moja. Kama kwa hiyo rekodi yako iko mahali kwaya inasimama peke yake, tutakuja. Kama haiko, kunywa chai yako, Mbugua. Hakuna ubaya."

Nilikubali. Nisingekubali kwa mtu mwingine yeyote. Niliandika katikati ya *Ondiri* wimbo wa beti tatu kwa ajili ya mto unapopita Waithaka, sauti nne, bila ala yoyote. Baada ya ubeti wa tatu fidla zote zinaingia kwa pamoja, na mto unafika mjini.

Wafula alikuna kichwa. "Si hiyo mashine yako iko na kwaya ndani? Unabonyeza tu wanaimba, hawaitishi chai, hawaitishi nauli."

"Hiyo kwaya ya ndani inaimba 'aaa' peke yake," nikamwambia.

"Si hiyo ndiyo muziki yako yote?"

Nilimsamehe kwa sababu alikuwa mpiga ngoma.

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe, na hapa msome polepole. Kwaya yoyote inayoimba muda mrefu bila ala hushuka. Si kosa la mtu. Pumzi hupungua, noti ndefu hulegea, kila mtu anamsikiliza jirani yake na jirani naye ameshuka kidogo. Wao wenyewe hawajui, maana wanashuka pamoja. Nilihudhuria mazoezi yao Waithaka nikiwa na spika za masikioni na kinanda kidogo, nikawapima. Walianza kwenye D, na mwisho wa ubeti wa tatu walikuwa wamefika nusu toni chini, yaani umbali wa kibao cheupe na cheusi kilicho jirani yake. Nusu toni inaonekana ndogo. Fidla zikiingia nusu toni juu ya pale kwaya ilipoachia, msikilizaji anahisi kama amepigwa mlango usoni.

Niliwapima tena wiki iliyofuata. Nusu toni. Wiki iliyofuata, nusu toni. Walilegea mahali palepale, kwenye noti ndefu ya ubeti wa mwisho, na walitua palepale, kwa usahihi ambao sijawahi kuuona hata kwa watu wenye diploma.

Nilimweleza Achieng' tukiwa gerejini Lavington.

"Waambie," alisema.

"Mwalimu atanivunja. Atasema nataka kurudisha kinanda kwa mlango wa nyuma."

"Basi utafanya nini, Bwana Diploma?"

"Nitaandika sehemu yenu nusu toni chini. Wao wanashuka, nyinyi mnawapokea huko huko chini. Msikilizaji hatajua, Mwalimu hatajua, kila mtu ataenda nyumbani na heshima yake."

Alikaza upinde wake. "Na siku wakikataa kushuka?"

"Achieng', hawa watu wamekuwa wakishuka tangu nibatizwe."

"Sawa," akasema. "Lakini mimi nimeuliza. Wanafunzi wangu mmeshuhudia, nimeuliza."

Nikaandika upya karatasi za fidla na tarumbeta zote, nusu toni chini. Ilikuwa kazi nzuri na ninajivunia hadi leo. Mpangaji wa ala anapaswa kuwaandikia watu jinsi walivyo. Hilo nimelisema kwenye semina mbili na litaendelea kuwa kweli.

Tulipata ukumbi mmoja wa katikati ya jiji kwa siku moja, Jumamosi, na mitambo ya kurekodi ya kukodi. Tungepiga mbele ya watu, na ambacho tungepiga ndicho kingekuwa albamu. Hakukuwa na siku nyingine. Wapiga fidla wawili walikuwa wakisafiri kwenda kusoma ng'ambo wiki iliyofuata, na kuwapata wengine kama wao kungechukua mwaka. Ikiharibika, ningelazimika kuziba pale katikati kwa kwaya ya ndani ya mashine, na Mwalimu alilijua hilo. Nilikuwa nimemwambia waziwazi.

Asubuhi tulipima sauti kwa makundi. Kwanza ngoma, halafu fidla na tarumbeta. Kwaya ilikuwa uani nyuma ya ukumbi, kwa chai na mandazi, wanawake wakiwa wameshavaa sare za zambarau na kujifunika leso zisichafuke. Kwaya yenyewe ilipimwa mwisho, ubeti mmoja tu, ikasikika vizuri. Mwalimu aliniuliza kama stima iko sawa. Nilimwambia Wafula ameweka jenereta tayari. Akaitikia kwa kichwa, akawarejesha watu wake uani. Niliona kwa dirisha wamejipanga karibu na tangi la maji wakiimba kwa sauti ndogo, naye akiwaongoza kwa mkono hewani. Nikafikiri wanapasha koo.

Alasiri ukumbi ulijaa. Nilipiga sehemu ya kwanza, kinamasi, kama sijawahi kupiga. Walioketi mbele walisema baadaye walisikia vyura, na vyura hao walikuwa mkono wangu wa kushoto. Sehemu ya pili Njoroge alinifuata kama kivuli. Kisha ala zote zikanyamaza, nikaweka mikono mapajani, na Mwalimu Njuguna akasimama mbele ya kwaya. Aliwapa doh kwa koo lake, taratibu, wakaingia.

Nimeishi na muziki wa kila namna. Watu arobaini wa Waithaka wakiimba bila chochote chini yao ni kitu kingine. Wasaidizi wa maduka, mama wa nguo za mitumba, makarani wawili wa benki, mzee mmoja wa besi ambaye alikuwa fundi viatu. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia feni ya kinanda changu.

Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu nikaisubiri ile noti ndefu. Wakaifikia. Wakaishika. Wakaiacha wakaenda mbele, na hawakuwa wamelegea hata kidogo.

Nilivaa spika za masikioni, nikabonyeza kibao kimoja ambacho mimi peke yangu ningekisikia. D. Walikuwa palepale walipoanzia.

Nikamtazama Achieng'. Alikuwa na sikio, alikuwa ameshajua. Macho yake yaliniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa ajili ya vijana. Wapiga fidla kumi na wawili walikuwa wameinua pinde, na mbele ya kila mmoja karatasi yenye mkono wangu, nusu toni chini. Kitufe kingeweza kunihamisha mimi. Hakikuweza kuwahamisha wao. Mlango ule wa kugonga watu usoni ulikuwa umebakisha mstari mmoja kufunguka, na safari hii ungefunguka upande wa pili, fidla zikiwa chini na kwaya juu.

Hapa ndipo mtu anapojua alisomea nini.

Nilimwinulia Achieng' kiganja cha kushoto: ngojeni. Kwaya ilipotua mwishoni, sauti nne kwenye noti tatu zinazolia pamoja, nikazishika noti zilezile tatu kwenye Mzee, chini kabisa, kiasi kwamba pumzi yao na yangu zilipishana bila mwanya. Kisha nikatafuta ni noti gani kati ya hizo inaweza kukaa bila kusogea nikielekea kule chini. Ilikuwa ile ya katikati. Nikaibana kwa kidole, nikaiacha ya juu ipande hatua ndogo, ya chini ishuke hatua ndogo, na papo hapo nilikuwa nimeingia nyumba nyingine bila kufungua mlango. Kutoka hapo nikateremka polepole, mkono wa kulia ukikumbuka wimbo wa kwaya kidogokidogo, mpaka vidole vikafika kwenye ufunguo wa karatasi za fidla. Nikampa Achieng' ishara kwa kichwa. Achieng' akashusha upinde, na fidla zote zikaingia pamoja kama mafuriko.

Hakuna mtu ukumbini aliyejua. Wafula aliinama juu ya ngoma zake akaninong'oneza, "Hiyo ulikuwa umeandika?"

"Naiandika sasa."

Tulimaliza. Watu walisimama. Nitaruka makofi, ingawa yalikuwa mengi.

Nyuma ya ukumbi nilimkuta Mwalimu akijipangusa uso kwa kitambaa, kwaya ikimzunguka kwa kelele kama watu waliotoka harusini. Nilimvuta kando.

"Mwalimu, hamkushuka."

"Tulikuwa tushuke?"

"Miaka yote mmekuwa mkishuka."

"Miaka yote hakuna mtu alikuwa ametungojea huko chini."

Akanieleza. Asubuhi, kikombe mkononi, alikuwa amezisikia fidla zikijaribu kuingia kwao. Alijua pale watu wake wanapaswa kuishia, na akasikia fidla zinaanzia chini ya hapo. Hakuhitaji kuuliza mtu. Aliwapeleka kwenye tangi la maji.

"Nikawaambia, Mbugua ametuchimbia shimo kidogo ya kuangukia. Shimo nzuri, ameipima. Mwenye ataanguka leo atarudi Waithaka kwa miguu."

"Hesabu yangu ilikuwa sawa," nikasema, kwa sababu ilikuwa sawa.

"Ilikuwa sawa kabisa," akasema, akanipiga begani. "Mandazi imebaki?"

Wiki iliyofuata tuliketi na fundi wa kurekodi kuisikiliza kazi. Alikuwa mtu mzuri, mwenye kompyuta mpya. Akasema, "Naweza kushusha hiyo kwaya nusu toni kwa mashine, halafu nikate hapo umepiga peke yako. Itakuwa vile ulikuwa umeandika. Hakuna mtu atajua."

Wafula alinitazama. Hata Njoroge alinitazama.

"Hawa watu wamekataa kushuka mbele ya ukumbi mzima," nikamwambia. "Siwezi kuwashusha nyuma ya migongo yao. Acha ilivyo."

Ikabaki ilivyo. Kwenye jalada, chini ya jina la wimbo ule, niliandikisha maneno matatu: *Hapa hakuna kinanda.* Waandishi wa magazeti waliuliza kuhusu kile kipande changu kinachofuata, jinsi muziki unavyoteremka taratibu kama mto ukishuka kuelekea jijini. Walisema ni wazo la mtu aliyefikiri sana. Sikuwapinga. Tangu hapo nimeombwa noti za kipande hicho na wapiga vinanda wa nchi nne, na nimewapa wote, nikiwa nimeweka sahihi.

Pale kanisani, wazee waliisikiliza CD wakiwa kwenye kikao chao. Jumapili moja kijana wa kinanda aliambiwa apumzike kwa wimbo mmoja. Ni mmoja tu, lakini umeendelea kila Jumapili, na kwaya iliyopo sasa bado inauimba kwa sauti nne tupu.

Nilimtembelea Mwalimu Waithaka kila nilipopata nafasi, mpaka alipofariki. Kila mara alinichezea *Ondiri*, na kila mara aliianzia kwenye kwaya. Alisikiliza beti zote tatu akiwa amefumba macho, na sauti za mwisho zikitua aliizima, sekunde moja kabla sijaingia. Nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya nne nilijua si bahati mbaya. Mtu aliyesifiwa na nchi nne anaketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, anangoja zamu yake, na rimoti inabonyezwa.

Siku moja aliiacha ikaenda. Nikajisikia nikiingia, nikashika ile noti ya katikati, nikateremka, na fidla zikaja. Nikangoja aseme.

"Si mbaya," alisema. "Lakini ulikuwa na haraka."

"Mwalimu, watu kumi na wawili walikuwa wameinua pinde!"

"Wangengoja," akasema, akachukua rimoti na kuirudisha mwanzo wa kwaya.